Sahani Yangu Chini ya Kawa

Unaweza kusema nilikuwa usingizini, au nimetafuna miraa, au njaa ilinipanda kichwani. Sema tu, wengi wamesema. Lakini ilikuwa mchana, jua liko utosini, nimetoka kuswali Ijumaa na udhu wangu bado ninao. Macho haya mawili yaliona, na mkono huu ninaoandikia ndio ulioshika tonge. Kama ni uongo, ningejitungia uongo wenye faida kuliko huu.

Kazi yangu ni kutembeza wageni hapa Amu. Shule niliishia darasa la nane, Kiingereza nimeokota njiani, lakini kitu kimoja nakijua: najua pa kula. Nina ndoto ya kuwa na kiofisi changu karibu na gati, ramani ukutani, kiti cha mgeni na kiti changu, na feni inayozunguka. Mpaka siku hiyo ifike, niliandika orodha. Karatasi moja, pande mbili, nikaitoa nakala nyingi na kuziacha katika nyumba ya wageni ninayofanyia kazi. Mgeni akiamka anaikuta juu ya meza, pembeni ya chupa ya maji.

Mstari wa kwanza ulikuwa wa mahamri na mbaazi, sokoni, kabla ya saa mbili, kwa sababu baada ya hapo utakuta mbaazi za chini ya sufuria. Wa pili ulikuwa wa mchanga wa Shela, na kwamba uende kwa miguu wakati bahari imekupwa. Mvinyo nao huulizwa sana, hasa na wale waliozoea pwani za kwao ambako chakula hakiliwi bila glasi. Mimi sinywi, na mji wetu si wa mambo hayo, basi mstari wa tatu niliandika: "Hoteli za Shela wanauza, lakini jaribu kwanza maji ya ukwaju, huenda ukasahau." Wengine walisahau kweli.

Mstari wa nne ndio huu: "Siyu. Tazama ngome asubuhi kabla jua halijawa kali. Kisha nenda kwa Bi Tima, nyumba ya mlango wa kijani, ukale wali na mchuzi wa samaki. Mwambie umetumwa na mimi."

Bi Tima ni bibi yangu, mama yake mama. Ndiye aliyenilea. Mchuzi wake ulikuwa wa nazi na manjano mengi, na mwisho kabisa alichoma ndimu juu ya makaa mpaka ganda likawa jeusi, ndipo akaikamua. Harufu ya ile ndimu ungeisikia toka ngomeni, niamini. Wageni waliokwenda walirudi na namba ya simu ya kila mtu isipokuwa yake, maana simu hakuitaka. Alisema mtu akimtaka anajua mlango ulipo.

Kila Ijumaa nilikwenda kula kwake. Nikichelewa boti, aliniwekea sahani yangu chini ya kawa, kile kifuniko cha ukindu chenye ncha kama kofia, akaiacha juu ya mkeka. Hakuna aliyeruhusiwa kuifunua. Hata paka wa nyumba ile alijua.

Ijumaa moja sikwenda. Wageni watatu walitaka kwenda kisiwa cha Kiwayu kula kamba na kulala kule siku kadhaa, na mimi Kiwayu nilikuwa sijawahi kulala. Nikampigia jirani yake, Bi Rehema, nikasema, "Mwambie bibi nitakuja Ijumaa nyingine." Nilikuwa na furaha sana. Tulikula kamba, tukaogelea, tukacheka. Simu kule hazishiki vizuri. Niliporudi Amu nilikuta ujumbe umerundikana, na bibi yangu tayari yuko chini ya mchanga. Amekufa Jumamosi alfajiri, amezikwa kabla ya adhuhuri.

Nilipofika Siyu, Bi Rehema alinishika mkono akaniambia neno ambalo angeweza kunificha, lakini hakunificha. "Tulipoingia kumwosha tulikuta kawa juu ya mkeka. Chakula chako. Nilimpa salamu zako ile Ijumaa, mwanangu. Akasema, huenda akaghairi akaya."

Tukasoma hitma, watu wakaondoka. Nikafunga mlango wa kijani kwa kufuli na ufunguo nikaondoka nao.

Sasa sikiliza kosa langu. Nakala za orodha zilikwisha, ikabidi nitoe nyingine. Rafiki yangu wa duka la fotokopi, ambaye alikuja hitmani, akaweka kidole kwenye mstari wa nne akanitazama. Nilishika kalamu. Wallahi niliishika. Lakini kuufuta ule mstari kwa mkono wangu ilikuwa ni kama kumzika, na kumzika sikumzika. Nikamwambia, "Toa hivyo hivyo." Akasema, "Na wakienda?" Nikasema Siyu ni mbali, hawaendi, na wakiuliza nitawaambia amesafiri.

Mwezi ukapita. Wakaja walimu wawili wa bara, mke na mume, Mwalimu Wanjiru na Mwalimu Kamau. Watu wacheshi, wakivutana kama watoto. Jumanne wakatoka asubuhi bila kuniambia. Jioni nimekaa barazani namenya chungwa, nawaona wanakuja, nyuso zimewaiva kwa jua.

"Kijana," akasema Kamau, "umeniharibia ndoa. Nitamwambiaje huyu chakula chake kitamu tena?"

"Hujawahi kuniambia," akasema Wanjiru. "Lakini leo nakusamehe."

Nikauliza wamekula wapi.

"Kwa Bi Tima, kwani wapi tena?" akasema Kamau. "Mwenyewe ametuambia wewe ni mjukuu wake. Tulikuwa hata hatujauliza njia, mji mzima umelala, hakuna mtu nje. Harufu ya ndimu ya kuungua ikatuvuta mpaka mlangoni. Mlango wa kijani, uko wazi."

Chungwa likaniponyoka. Ufunguo wa mlango ule ulikuwa shingoni mwangu, kwenye kamba, chini ya shati. Niliushika nikausikia umepata joto la mwili wangu.

"Mama mpole," akasema Wanjiru. "Picha alikataa, nikapiga chakula tu." Akanipa simu. Niliona mkeka wetu. Niliona sahani mbili zenye maua ya buluu. Na nyuma, kwenye kona, kawa.

"Kitu kimoja tu," akasema Kamau, "hakina chumvi. Hata chembe. Nikamuuliza, akaniambia kwao chumvi haiingii siku hizi. Nikajua ana presha kama mama yangu. Bahati nilikuwa na mayai ya kuchemsha kwenye mkoba, na chumvi yake kwenye karatasi. Tukanyunyiza kidogo."

"Wewe ulinyunyiza. Mimi niliona haya, ukaninyunyizia kwa nguvu."

"Na ukala."

"Nikala."

Kisha Wanjiru akakumbuka. "Ametutuma kwako. Amesema sahani yako bado ameiweka. Anakungoja Ijumaa."

Ningewaambia nini? Kwamba wamekula kwa maiti? Walikuwa na furaha. Nikawaambia asante, nikainuka nikaenda chooni nikalia, maji ya bomba nimeyafungulia ili wasisikie.

Mtu mwenye akili angekwenda kwa shekhe. Mimi, utanisamehe, nilichokisikia katika maneno yote yale ni kwamba ananingoja. Nilikuwa na siku tatu za kuogopa na sikuogopa hata moja. Nilinyoa. Nikapiga pasi kanzu. Ila chumvi nilichukua, kijiko kimoja kwenye kipande cha gazeti, nikatia mfukoni. Tangu utoto tunaambiwa chakula cha wasioonekana hakina chumvi, na ukitia chumvi umejikinga. Sikuwa mjinga kiasi hicho.

Boti ikanishusha kwenye gati ya Mtangawanda, nikapanda pikipiki mpaka Siyu, nikaswali. Nilipotoka msikitini watu wakatawanyika majumbani kula, na njia zikabaki nyeupe na tupu. Harufu ya ndimu ikanipokea kwenye kona ya pili. Nilikuwa na ufunguo mkononi lakini hapakuwa na kufuli ya kufungua. Mlango ulikuwa wazi, na kufuli iko chini, imefungwa, kama tunda lililoanguka.

"Ndoo, ingia ndani. Mbona wasimama kama mgeni?"

Ilikuwa sauti yake. Sio kama sauti yake. Yake.

Alikaa pale pale, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha, leso ya zambarau. Nilitafuta kitu cha kutisha nisikione. Hakuwa na kwato, hakuwa na macho mekundu. Lakini jua lilipita dirishani likafika mapajani mwake, na vumbi lile linaloelea ndani ya mwanga lilipita pale alipokaa bila kugeuza njia.

"Hukuya," akasema.

"Nilikwenda Kiwayu, bibi."

"Nambiwa. Kuzuri?"

Nikasema kuzuri. Ndilo neno baya kuliko yote niliyowahi kusema maishani.

Akafunua kawa. Mvuke ukapanda. Wali, mchuzi wa manjano, kipande cha shingo ya samaki ambacho hakumpa mtu mwingine. Nikakaa, nikanawa, nikatia mkono mfukoni, nikatoa ile karatasi ya chumvi na kuanza kuifungua chini ya goti.

Hakukasirika. Kama angekasirika ningejua la kufanya. Alitazama mkono wangu tu, na uso wake ukashuka, ule uso wa mpishi aliyeona mgeni wake anasukuma sahani.

"Wataka kutia munyu mtuzi wangu?" akasema taratibu. "Wewe?"

Mimi, niliyemwacha akafa na kawa mbele yake. Mimi, hata sasa nimemjia na kinga mfukoni kama anayemwendea adui. Niambie, ungefanya nini? Nikaikunja karatasi, nikairudisha mfukoni, nikala. Tonge la kwanza lilikuwa moto. La pili lilikuwa vuguvugu. La tatu lilikuwa baridi kama kitu kilichotolewa ardhini, nikalimeza, kwa sababu alikuwa akinitazama na anatabasamu.

"Haya," akasema. "Sasa umekula."

Bi Rehema ndiye aliyenikuta. Anasema aliona mlango wazi wakati wa alasiri, akaniita mara nyingi, sikuitika. Nilikuwa nimekaa juu ya saruji tupu, maana mkeka tuliutoa siku ya hitma, na sahani zile za maua aligawiwa yeye mwenyewe, ziko kwake kabatini. Mbele yangu hapakuwa na kitu ila kawa, limetoboka, buibui ameshajenga ndani.

"Umekula nini humu?" akaniuliza.

"Mbona?"

"Vidole vyako."

Vilikuwa vya manjano mpaka kwenye kiungo. Nimevisugua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa mchanga. Vimefifia, lakini chini ya kucha bado. Ukinikuta gatini nitakuonyesha.

Hayo ya vidole si kitu. Usiku ule Bi Rehema alinipa uji nikaona hauna chumvi, nikaumaliza kwa adabu. Asubuhi mahamri, hayana ladha. Amu nikala pilau ya harusi, watu wanajiramba, mimi natafuna pamba. Nikachukua chumvi yenyewe, kiganja kizima, nikatia mdomoni. Mchanga. Hata machozi yangu nimeyaonja. Hayana kitu. Daktari alinimulika ulimi akasema ni mzima. Shekhe alinisomea, akaniuliza kama nilikula kwa hiari yangu. Nikasema ndiyo. Akafunga kitabu polepole, akaniambia niwe namwombea marehemu, na mimi mwenyewe nisijisahau.

Kazi bado naifanya, nitakula nini? Lakini mgeni akiniuliza wapi pana chakula kitamu, namjibu, "Watu wanasema pale." Wanapokula nawatazama nyuso ili nijue kama bado ni pale. Ladha moja tu imebaki: kila Ijumaa baada ya swala, popote nilipo, kinywa changu kinajaa ndimu iliyoungua. Inakaa kidogo, halafu inaondoka, na mimi nabaki nimesimama njiani kama niliyeitwa.

Mstari wa nne nimeufuta. Lakini karatasi za zamani ziko nje, watu wameondoka nazo, wanapeana. Kama una mtu aliyekufunikia sahani leo, acha safari yako, nenda umkute angali na pumzi. Na kama amekwisha kwenda, mfute. Mlilie, lakini mfute, usimwite kazini kwa sababu wewe hukumaliza naye.

Na ukija kwetu, ukaikuta karatasi yangu ya zamani, ule mstari wa nne bado umo, fanya yote mengine, mbaazi, mchanga, ukwaju. Siyu tazama ngome, urudi. Kama harufu imekushinda na mlango umeukuta wazi, uwe na chumvi, na usione haya kuitia. Atakuuliza ni nani aliyekutuma.

Usinitaje.