Mafaili Yote ya Bibi Harusi

Kutafuta faili katika duka letu la kuchapa kadi, pale Kariakoo, kulikuwa mateso. Mafaili yote yalikaa kwenye kompyuta kuu ya bosi. Ukiandika neno kwenye kompyuta yako, ilipita folda moja moja kwenye mtandao, kuanzia za miaka ambayo mimi nilikuwa bado shuleni. Mstari wa kijani ulisogea, ukasimama. Mteja akasonya. Nami nikawaza: labda nimekosea neno, labda folda imefutwa, labda aliyeifuta ni mimi.

Ndiyo maana nilitengeneza faharasa. Kila asubuhi kompyuta kuu ilisoma yenyewe majina ya mafaili yote na kuyaweka pamoja, nasi tukawa tunatafuta humo tu. Niliijaribu tena na tena hadi bosi akasema, "Msomi, sasa unaichosha."

Siku hiyohiyo akaingia dada mmoja na kadi yake ya harusi mkononi. Alitaka nyingine za aina ileile, leo, kwa ndugu wa mume waliosahaulika.

"Zifanane kabisa," alisema. "Wakiona tofauti kidogo tu, watajua wamekumbukwa mwisho. Mama mkwe ataliweka moyoni."

"Sasa hivi tu, dada," nilijibu, kwa mara ya kwanza bila hofu.

Nikaandika "bibi harusi". Majibu yakaja papo hapo: bibi harusi mpya, bibi harusi wa Buguruni, bibi harusi mwenyewe, bibi harusi mwisho kabisa. Yakajaza skrini, yakaendelea kushuka. Miaka yote tuliyapa mafaili jina tulilomwita mteja, na wote tuliwaita bibi harusi. Nikayapanga kwa tarehe. Yote yalikuwa na tarehe moja, siku bosi alipoyahamishia kwenye kompyuta mpya. Wiki nzima nimekesha kwa ajili ya rundo lilelile, ila sasa linakuja haraka.

"Vipi, umeipata?" dada aliuliza.

Nikamvutia kiti. Tukaanza kufungua moja moja.

"Simama hapo! Haya si maua yangu? Mlisema sitayaona kwa mwingine!" alifoka, akionyesha kadi ya mtu mwingine.

Bosi akajifanya anapokea simu.

Yake tuliipata jioni. Aliilinganisha na ile ya mkononi, akasonya. "Nimeshayachukia maua haya. Lakini chapa hivyohivyo, wenzao wameshapelekewa."

Nilipotaka kuhifadhi faili kwa jina jipya, nikamgeukia.

"Samahani dada, jina lako nani?"

"Leo ndiyo unaniuliza?"