Kitabu cha Mama Kilivyokonda

Kwa nini kitabu kilichotengenezwa kirudi chembamba kuliko kilivyokwenda?

Kila ninaponusa gundi ya unga wa ngano ikichemka, namkumbuka fundi mpya wa vitabu aliyeletwa kutoka Mtwapa kwenye maktaba ya mtaani kwetu.

"Shikamoo, bibi," nilimwamkia siku ya kwanza.

"Marahaba. Lete mikono." Akainusa. "Dagaa hao. Kanawe tena."

Nilirudi kunawa, ndipo akakipokea kitabu cha marehemu mama, kilichobanduka jalada. Kurasa tupu za mwisho zilikuwa bado zikinukia udi wa sanduku lake la nguo. Fundi akazipapasa kwa kidole, polepole.

"Karatasi kama hii siku hizi haipatikani, mwanangu."

Nilijiona mtu kwa sifa hiyo. Toka siku hiyo akaniruhusu kukaa kando ya meza yake.

Kitabu kilirudi na jalada imara, kikinuka gundi tupu. Nikamwambia shangazi kimepungua.

"Labda kilikuwa kimefunga Ramadhani," akasema, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso.

Nilikuwa chuo kikuu nilipojifunza kwamba mafundi wengine, wakikosa karatasi kuukuu, hukata kurasa tupu za kitabu kisicho na thamani ili kuziba matundu ya kitabu chenye thamani.