Ngozi ya Handeni inayopinda mwanga

Saa mbili asubuhi, Grasiana Hiza anafumba jicho moja na kulisogeza la pili kwenye bomba la shaba. Mbele ya bomba inawaka taa ya manjano, na katikati kuna kichupa cha maji yasiyo na rangi. Anazungusha gurudumu polepole. Wenzake katika maabara hii ndogo ya Manundu, mjini Korogwe, wameacha kazi zao, wanamtazama mgongo.

Wana sababu. Mkuu wao, Ndugu Mwinjuma, ameshasema kwamba jaribio hili la tatu likiharibika, chumba kitageuzwa ghala la mbolea. Grasiana, mwenye miaka thelathini na nane, atarudishwa kuosha chupa, kazi aliyoianza mwaka wa Uhuru alipoteremka kutoka Dindira milimani na cheti chake cha darasa la nane.

Kazi yenyewe ni kuunga kemikali ziwe pete ndogo zisizoonekana kwa macho, ambazo ni mwanzo wa dawa nyingi. Pete hizo ni kama viatu vya katambuga, kuna ya kulia na ya kushoto, na mwili wa mgonjwa huikubali ya upande mmoja tu. Zikiwa za upande mmoja, hupinda mwanga unaopita ndani ya bomba. Zikiwa nusu kwa nusu, mwanga haugeuki.

Kinachochagua upande ni kichocheo, unga mweupe uliokuwa ukiletwa na meli. Mwaka jana fedha za kigeni ziliadimika, na unga ukakoma.

Wengine walikunja mikono. Grasiana alisoma kwamba unga huohuo umo ndani ya ngozi ya ng'ombe, basi akamfuata Kimaren, mfugaji wa Handeni. Kimaren alimuuliza kama watu wa Korogwe wameishiwa nyama hata wanakula ngozi. Hata hivyo alimfungia mzigo kwenye baiskeli.

Hapo ndipo upishi ulipomponza. Ngozi ilikataa kulainika, naye akaitendea kama maharage makavu ya kwao milimani: akatia magadi. Ikalainika, unga ukatoka mweupe, lakini pete zilipopimwa mwanga haukugeuka. Mara ya pili akaongeza magadi, na mambo yakawa yaleyale.

"Niliona aibu wiki nzima," anasema. "Ukichemsha na magadi kutwa, nusu ya unga inahamia upande wa pili, maana nao una kulia na kushoto. Nilikuwa napika, ndugu yangu, sikuwa nafanya kemia."

Safari hii amechemsha kwa tindikali, mchana kutwa na usiku kucha. Kilo kumi za ngozi zimetoa unga wa kujaza kikombe cha kahawa, na kwa unga huo ameunga pete zilizomo kichupani.

Gurudumu linasimama. Grasiana anamwomba Mwinjuma aje asome mwenyewe, ili yeye asije akasingiziwa kudanganya. Mkuu anasoma mara mbili, anapiga hesabu, kisha anakohoa. Kati ya pete kumi, tisa ni za upande mmoja.

Mwinjuma anafungua daftari la taarifa na kumpa kalamu, atie sahihi palipoandikwa "Mtengenezaji." Katika miaka kumi na tano Grasiana hajawahi kulitia jina lake humo. Anaandika taratibu, herufi kubwa, na machozi yanamlengalenga bila yeye kuyaficha.

"Kimaren analeta kilo thelathini wiki ijayo," anasema akipuliza wino ukauke. "Nitahitaji msaidizi. Na nimeshamwambia Ndugu Mwinjuma, nitamchagua mimi."