Prosesa Iliyokunywa Ubuyu

Nilipoolewa Bagamoyo, vitu vyangu vilitangulia kwa gari la mizigo kutoka kwetu Msata: kitanda, kabati, vyombo, na boksi moja kubwa ambalo nilimkataza kila mtu kulikalia. Mama mkwe wangu alidhani ni meza ya kujipambia. Nilipolifungua mbele yake nikatoa kompyuta, aliizunguka, akaniuliza, "Na kioo chake kiko wapi?"

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi. Kompyuta ile niliiunga mwenyewe, kifaa kwa kifaa, na ndani yake niliweka prosesa ya daraja la juu kabisa. Prosesa ndiyo inayopiga hesabu zote za kompyuta. Ukubwa wake ni kama biskuti, lakini ikifanya kazi kwa nguvu inapata moto usioweza kuushika. Msata nilikuwa naivumilia. Bagamoyo, ndani ya nyumba ya mawe yenye madirisha membamba na hewa nzito ya bahari, ilinishinda. Kila nikianza kuitoa video iliyokamilika, joto linafika digrii mia, prosesa inajipunguzia kasi yenyewe isiungue, na feni zinanguruma nyumba nzima.

"Nyie wa Msata mmezoea malori," mama aliniambia siku moja akiwa barazani. "Hili lako linapanda mlima gani tangu asubuhi?"

Nilicheka, nikamwita aje aone. Nilimwonyesha kwenye skrini namba ya joto ikipanda na namba ya kasi ikishuka. Akavuta kigoda akaketi. Mama alikuwa anauza barafu za ukwaju na za ubuyu zilizofungwa kwenye vifuko, friza lake liko ukumbini, na mambo ya joto na baridi alikuwa anayapenda. Tangu siku ile, akimaliza kufunga barafu zake anakuja kuniuliza, "Ngapi sasa?"

Nilisafisha vumbi, nikabadilisha ile pesti inayopakwa juu ya prosesa ili joto lihame upesi kwenda kwenye chuma cha kupoozea, na feni nikazielekeza dirishani. Kazi zikaenda. Mambo yangeishia hapo, lakini nilikuwa kwenye kundi la simu la watu wanaounga kompyuta, na humo kulikuwa na mashindano ya oveklok. Oveklok ni kuilazimisha prosesa ikimbie kuliko kasi iliyopangiwa kiwandani. Ukiongeza kasi unaongeza umeme, ukiongeza umeme unaongeza joto, kwa hiyo anayejua kupooza ndiye anayeshinda. Aliyekuwa anaongoza ni kijana mmoja wa Dar es Salaam mwenye chumba cha kiyoyozi. Alikuwa amefika kasi ya gigahetzi tano nukta tisa. Nilipouliza swali kuhusu joto la pwani, akaandika, "Dada wa Bagamoyo, wewe tengeneza harusi, haya tuachie."

Nilimsomea mama kama kichekesho. Hakucheka.

"Wakati wa usichana wetu tulicheza ngoma ya lelemama," alisema. "Mtaa wa pili wakitutia maneno hatukuwajibu kwa maneno. Tulisubiri siku ya ngoma. Wewe unahitaji nini?"

"Barafu, mama."

"Barafu nyumba hii?" Akainuka kwenda kufungua friza.

Mume wangu anafanya kazi ya ufugaji wa samaki Mbegani. Nilimwomba pampu ndogo ya aina inayozungusha maji kwenye matangi ya vifaranga, na alikwenda dukani akaninunulia mpya bila kuuliza sana, maana mama yake alikuwa ameshamweleza kwamba nyumba ina vita. Mpango wangu ulikuwa huu: ndoo ya maji na barafu chini ya meza, pampu ndani ya ndoo, mpira mmoja mweupe unaopitisha mwanga kupeleka maji baridi kwenye kibao cha shaba kilichokaa juu ya prosesa, na mpira wa pili kuyarudisha ndooni.

Nilichokiogopa ni unyevu. Kitu cha baridi kikikaa kwenye hewa ya pwani kinatoka jasho, na tone moja likidondokea saketi, kwaheri. Kwa hiyo niliizungushia mipira sponji, mama akaifunga kwa vipande vya kanga kuukuu, halafu kandokando ya prosesa nikapaka mafuta ya mgando ili maji yasipenye.

"Kweli umepata mtoto," mama alisema akiniangalia ninavyopaka. "Na mgongoni usisahau."

Tulichagua asubuhi ya Jumapili, baada ya swala ya alfajiri, kabla jua halijapata nguvu. Mume wangu alikuwepo. Mama alivaa doti mpya na akafukiza udi, akasema siku ya ngoma haiendwi hivihivi. Sharti la mashindano lilikuwa prosesa ifanye kazi kwa nguvu zake zote kwa dakika kumi bila kompyuta kuganda. Nilianzia tano nukta saba. Ikapita. Tano nukta tisa, ikapita. Nikaweka sita kamili na kuongeza umeme kidogo. Skrini ikaganda.

"Imekufa?" mume wangu aliuliza.

"Imekataa tu." Nikaiwasha upya, nikaongeza umeme kidogo tena. Ikaenda, na joto likaanza kupanda kwa sababu barafu ya ndoo ilikuwa inayeyuka upesi kuliko nilivyokisia.

"Mama, barafu."

"Nyeupe imekwisha," alijibu kutoka ukumbini. Akarudi mbio na beseni la barafu za ubuyu, zile za kuuza, akazimimina ndooni na vifuko vyake. Namba ikatulia, kisha ikashuka. Mama akapiga makofi. Jirani wa nyumba ya pili, aliyesikia vishindo, akaingia kusalimia akabaki amesimama mlangoni.

Tulikuwa tumepita nusu ya muda mume wangu aliposema taratibu, "Mke wangu, angalia mpira."

Palipokuwa na pengo kati ya sponji na kibao, maji yalikuwa mekundu. Kifuko kimoja kilikuwa kimepasuka ndooni. Wekundu ukapanda, ukaingia kwenye shaba, ukatokea upande wa pili na kurudi. Kuizima pampu nilishindwa, kwa sababu ikisimama prosesa ingepata moto mara moja, na kuusimamisha mtihani nilishindwa kwa sababu sikutaka. Nikashika kichwa. Jirani akauliza kama kompyuta inatoka damu.

"Inakunywa ubuyu," mama alimjibu, macho kwenye skrini. "Iache inywe, imefanya kazi."

Dakika kumi zikatimia na namba ikiwa sita kamili. Mama alipiga kigelegele kirefu, jirani akampokea, na mume wangu akanibeba juu mbele ya mama yake. Nilikuwa sijazoea, nikaona haya, lakini sikumwambia anishushe.

Nilituma kwenye kundi picha ya skrini na picha ya mipira iliyofungwa kanga, maji mekundu yakionekana penye pengo, nikaeleza na nani alileta barafu. Watu walicheka mpaka adhuhuri. Yule kijana wa Dar akaandika, "Mpe mama shikamoo yangu."

"Mwambie marahaba," mama alisema. "Na asikae na kiyoyozi tu, aje ale barafu."

Mchana ule nilirudisha kasi ya kawaida, nikakisafisha kibao kwa maji ya uvuguvugu mara nyingi mpaka sukari ikaisha. Jumatatu nilikuwa na video ya harusi ya Kerege. Mama alivuta kigoda chake, akakaa pembeni yangu, akamtazama bibi harusi akiingia ukumbini, na kwa mara ya kwanza akaniambia nishushe sauti ya muziki, anataka kunisimulia harusi yake mwenyewe.