Uingereza ya Kitambaa

Mdogo wangu yuko Uingereza, anatunza wazee. Mimi niko Kitengela, nashona yunifomu za shule. Mama yetu yuko Kajiado, na ukutani kwake, juu ya televisheni, kuna ramani ya dunia ambayo mdogo wangu aliibandika siku chache kabla ya kusafiri. Alichora duara jekundu pale alipokuwa akienda. Hakuna aliyechora duara Kitengela.

Ninamwonea wivu, na nasema mapema tusisumbuane. Jumapili akipiga simu ya video, Mama huvua kilemba cha kazi, hufunga kile cha kanisani, hujipaka mafuta usoni na kuketi wima kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Mimi nikifika, tena nimebeba sukari na unga, hunipokea na gambuti miguuni na kunielekeza kwenye viazi vya kumenya. Kwa wageni, yule ni “mtoto wangu wa ng'ambo”. Mimi ni “huyu wetu wa hapo Kitengela”. Siwezi kubisha, niko hapo Kitengela kweli, ila sauti yake hupanda kwenye ng'ambo na kushuka kwenye hapo.

Mama alikuwa na mchezo wake. Angesimama mbele ya ramani, apime Uingereza kwa vidole viwili, kisha avilete vidole hivyohivyo hadi Kenya. “Unaona? Huko ni kubwa kushinda hapa kwetu. Mahali kubwa hivyo mtu hawezi kosa kuendelea.” Na kwenye ramani ile ilionekana hivyo hasa. Mimi nilimenya viazi na kununa.

Kilichonikereketa zaidi ni ploti. Kando ya nyumba ya Mama kuna ploti ya fifti bai handred, futi hamsini kwa mia, yenye mgunga mmoja na ua wa waya, na mimi ndiye niliyesimama juani wakati waya huo ukifungwa. Ninakaa kwenye ghorofa la kupanga, jirani akikohoa nasikia, na kamba za kuanikia nguo tunagawana kwa zamu. Nilitaka kujenga pale vyumba viwili, kimoja cha cherehani zangu. Kila nilipouliza, Mama alisema tutaona. Nilihisi kuna mtu anawekewa, na nilimjua.

Siku moja dukani, nikingoja stima irudi, nilikuta kwenye simu ukurasa unaokuruhusu kushika nchi kwa kidole na kuiburuta popote kwenye ramani. Nikaishika Uingereza. Nilipoiteremsha kuelekea ikweta ilianza kunywea, kama sweta ya sufu iliyofuliwa kwa maji moto. Ilipotua juu ya Kenya haikufika hata nusu yake. Niliiburuta tena na tena, si kwa kutoamini bali kwa utamu.

Maelezo yalisema dunia ni ya mviringo na karatasi ni bapa, hivyo wachoraji wa ramani kama ile ya Mama walilazimika kuzivuta nchi zilizo mbali na ikweta ili zienee. Hilo sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Jaribu kuilaza kofia mezani iwe bapa, utaona ukingo wake unavyodai kitambaa zaidi.

Basi nilikata Kenya kutoka kwenye kitambaa cha kaki kilichobaki cha kaptura za shule, na Uingereza kutoka kwenye kitambaa cha bluu, kwa kipimo kimoja. Kile kipande cha Uingereza kilichotengwa na maji nilikishikiza kwa uzi kisipotee. Sijawahi kukata nguo ya mtu kwa furaha kiasi hicho.

Jumamosi nikaenda Kajiado. Mama alikuwa mezani akichambua maharagwe kwenye sinia. Nilitandika Kenya mbele yake, kisha Uingereza juu ya Kenya.

“Mum, hii kubwa ni sisi. Hii ndogo ndio huko kwa yule.”

Aliigeuza, akaigeuza tena. “Umekata vibaya.”

“Nimekata sawa. Hiyo ramani yako ndio huvuta.”

Aliipapasa kingo, akainua macho. “Na hawa ndio walikuja kututawala?”

“Ndio hawa.”

Alicheka hadi akapangusa machozi kwa leso. Nilicheka naye, na kwa muda huo nilikuwa mtoto wake wa pekee. Ningenyamaza hapo mambo yangekuwa sawa, lakini roho yangu haikuwa imeshiba. Nilitaka ajue pia kwamba huko watu wamebanana. Nikachota maharagwe, nikatandaza konzi moja juu ya Kenya, yawe watu wetu. Kisha nikachota konzi iliyojaa zaidi, kwa sababu wao ni wengi kutushinda, nikaimwaga juu ya kile kitambaa kidogo. Yalirundikana, mengine yakabingirika ukingoni.

Mama aliacha kucheka. Alianza kuyarudisha kwa kidole yale yaliyoanguka, nayo yakaanguka tena.

“Wanatoshana aje hapa?”

“Wamezoea. Wanakaa kwa maghorofa. Hata mimi nakaa kwa ghorofa.”

“Wewe uko Kenya,” alisema, bila kuniangalia. “Na yeye akizeeka atakaa wapi? Akikufa, watamzika wapi?”

Niliokota harage lililobingirika, nikalirudisha kwenye rundo.

“Ile ploti ya hapa kando nitamwandikia yeye,” Mama alisema. “Maskini, hana mahali. Wewe uko na nchi kubwa, hutakosa.”

Nilikusanya maharagwe ya Kenya kwa viganja vyote viwili, nikayasukuma hadi pale Nairobi na Kitengela zilipo, yakawa kichuguu, na kaki yote iliyobaki ikawa tupu. “Mum, angalia vizuri. Mimi niko hapa ndani.”

Aliangalia. Aliangalia kweli, kwa adabu, kama anavyoangalia picha za watoto wa watu.

“Lakini si ni karibu,” akasema. “Utakuwa ukikuja tu.”

Kisha akaanza kurudisha maharagwe kwenye sinia. Ya Kenya aliyakumba kwa mkono. Ya Uingereza aliyaokota moja moja. Alikipangusa kile kitambaa cha bluu, akakinyoosha kwa kiganja, akainuka na kukichomeka kwa pini ukutani, chini ya lile duara jekundu. Kenya aliikunja mara nne na kunipa.

“Hii rudi nayo,” alisema. “Utakata hapo mfuko wa kaptura.”