Jina la Marehemu Kwenye Barua Yetu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo huikumbuka kila ninapowaona mkizunguka mtaani na karatasi zenu za kukusanya sahihi kwa ajili ya maji ya bomba. Acha nikuambie.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, nafundisha shule ya msingi hapa Kisangani. Tajiri mmoja alijenga ukuta kando ya mto, karibu na maporomoko, akaziba njia ambayo wavuvi walipitishia mitumbwi, na mama zetu walipita wakipeleka samaki sokoni. Ikabidi kuzunguka mbali, na samaki walifika sokoni wamelegea, hakuna anayewataka. Vijana walitaka kuubomoa ukuta. Papa Alphonse, mzee aliyekuwa karani wa mahakama kabla ya kustaafu, akawazuia. Alisema wakiubomoa watafungwa wao, na ukuta utajengwa upya. Akatusomea sheria: ukingo wa mto ni wa umma, hauuzwi. Basi tuandike barua, familia zote zitie sahihi, tumshitaki.

Mimi nilijua kuandika Kifaransa, lugha ya mahakama, kwa hiyo nikapewa kazi ya kupita nyumba kwa nyumba. Nilipita siku tatu. Kila nyumba walitaka waelezwe yote tangu mwanzo; wengine waliogopa, wengine waliniambia nirudi kesho. Siku ya nne nilichoka. Nilikaa nyumbani na daftari la zamani la chama cha wavuvi, nikanakili majina yaliyobaki na kuyatilia sahihi mimi mwenyewe. Nilijiambia kwamba wote wako upande wetu, hata wasipoandika.

Mahakamani, wakili wa tajiri aliichukua ile barua, akasoma jina moja kwa sauti: Bosela. Akauliza huyo mzee yuko wapi. Papa Bosela alikuwa amezama mtoni mwaka uliotangulia. Mke wake, Mama Charlotte, alikuwa ameketi benchi la mbele. Alijishika kichwa, akatoka nje. Hakimu aliikataa barua, na kesi pamoja nayo.

Nje nilitegemea Papa Alphonse anigombeze kwa kelele. Hakupaza sauti.

"Huyu mutu alishakufa, na wewe unamuleta mbele ya juge," alisema. "Bon. Sasa ule tajiri iko na ukuta yake, na tena iko na haki ya kutuita waongo."

Nikamwambia naiacha kazi ile, atafutwe mwingine.

"Hapana. Utaanza tena, wewe mwenyewe. Na utaanzia kwa Mama Charlotte."

Nilikwenda. Alikuwa akikausha samaki, akaendelea kuwageuza. Nilimweleza nilichofanya, bila kujitetea. Mwishowe akafuta mkono kwenye kikwembe alichojifunga kiunoni, akauliza aweke wapi kidole.

"Andika jina yangu," alisema. "Ya bwana yangu uiache, apumuzike."

Ilichukua miezi. Watu walioniamini mwanzoni sasa walinihoji mara mbili. Lakini tulipofungua kesi upya, kila jina lilikuwa na mtu wake, na siku ya kusikilizwa walijaa mpaka uani. Mahakama iliamuru njia ifunguliwe. Sehemu kubwa ya ukuta bado ipo, mwanangu, hatukupata yote. Lakini mama zetu walipita.

Kwa hiyo nakusihi wewe na wenzako: msiandike jina la mtu ambaye hamjaongea naye, hata kama mna hakika atakubali. Huko kupita kwa watu kunachosha, najua, ila ndiko kunakowafanya waje wenyewe mahakamani. Isomeni sheria vizuri kabla ya kuitegemea, kwa maana upande wa pili nao wanaisoma. Mkishindwa mara ya kwanza, tafuteni mlipokosea, mrudi. Na kama aliyekosea ni wewe, usimtume mwingine kuomba radhi.

Mungu awape miguu isiyochoka, na siku mtakaposimama mbele ya hakimu, msiwe na kitu cha kumficha.