Swichi ya Lenah

Ploti yetu hapa Huruma, maji na stima viko ndani ya kodi. Ukishalipa umelipa. Kwa hivyo kuna sheria. Balbu moja, redio, simu. Koili ya kupikia hapana. Pasi hapana. Friji, hata usiulize.

Lenah, mke wangu, alizishika sheria hizo kumshinda mwenye ploti. Nikiwasha taa jioni mapema, alinisema.

"Zima, baba Mirriam. Kwani unasoma?"

Anajua sijui kusoma.

"Si tunalipia?" namwambia.

"Tunalipia kuona. Umeshaona."

Nazima.

Alfajiri ile alipozidiwa na ugonjwa, yeye ndiye aliyewasha. Alikuwa akitafuta leso yake. Nilimshika mabegani, Kyule anayeangalia ploti akamshika miguu, tukashuka naye ngazi. Hakurudi. Tulimzika nyumbani, Bungoma. Niliporudi nikafungua mlango, nilikuta balbu inawaka.

Sikuizima. Sikuwaza neno. Niliketi tu.

Tangu hapo inawaka. Stima ikipotea inapotea, ikirudi inawaka yenyewe. Swichi sijaigusa. Nalala ikiwaka. Naenda barabarani kutengeneza majiko ya watu, nikirudi inawaka.

Jumamosi Kyule akapiga hodi. Ni mtu mpole, ila mdomo wake haupumziki.

"Mzee, mwenye ploti analia na bili. Anasema kuna mtu anapika na koili. Nimtafute, ama nitoke mimi."

Nikamwambia aingie atafute.

Alichungulia nyuma ya pazia. Akainama chini ya kitanda, akavuta kiatu. Kilikuwa cha Lenah. Akakirudisha polepole palepale.

"Koili hakuna," akasema. "Lakini hii balbu, mzee. Mama Triza wa mlango wa pili anasema haizimwi. Jua liko nje bure na wewe umewasha. Unalea vifaranga?"

Sikucheka. Lenah angekuwepo angecheka, kisha angezima.

Kyule akanyoosha mkono kwenye swichi.

"Usiiguse."

"Itabidi, mzee wangu. Mwenyewe anapanda hapa leo. Akiikuta hivi atakwambia uhame."

"Najua."

"Utaenda wapi na umri huo?"

"Sijui."

"Sasa shida iko wapi?"

"Ni mama Mirriam aliwasha," nikasema. "Asubuhi ile tulimshusha. Hakuna mwingine ameishika."

Mkono wake ulibaki hapo karibu na ukuta. Halafu akaurudisha mfukoni. Akatazama balbu, akatazama swichi.

"Nipe hicho kigoda," akasema mwishowe.

Nikampa. Akapanda, akavua kofia, akaishika balbu nayo, akaizungusha mpaka ikatoka. Akashuka akaniwekea mkononi. Ilikuwa bado na joto.

"Swichi sijaigusa," akasema. "Umeona mwenyewe."

"Nimeona."

"Akipanda atakuta giza. Atafurahi."

Akatoka. Nikamsikia kwa jirani. "Mama Triza, toa hiyo koili kabla sijaikanyaga." Mama Triza akamjibu akanyage na deni lake la chapati pia.

Balbu niliiweka ndani ya kikombe cha Lenah, juu ya kabati. Mwenye ploti alipanda, akachungulia mlangoni, akanipa pole, akapita.

Jioni ikaingia chumbani. Niliketi palepale. Sikuwa na cha kusoma.